Ubongo na Virutubisho Vyake: Mhadhara kwa Watu Wote



Swali nililotakiwa nilijibu mbele yenu ni swali linalosikika kila siku katika maduka ya dawa, katika mabaraza ya wazee na katika nyumba za wazazi ambao watoto wao wanakaribia mitihani, nalo ni hili: katika virutubisho vyote vinavyouzwa leo kwa jina la kuutia nguvu ubongo na kuihifadhi kumbukumbu, kipi kilicho bora kuliko vingine? Nitavilinganisha, kwa kuwa ndivyo nilivyoahidi. Lakini niwieni radhi nikisema tangu mwanzo kwamba kuvilinganisha vidonge kwa majina yao, pasipo kumtazama yule atakayevimeza, ni kazi isiyoweza kumfikisha mtu penye haki, kwa sababu fadhila yote ya kirutubisho imo katika upungufu kinaoujaza. Taa iliyokauka ukiitia mafuta huwaka, na iliyojaa ukizidi kuitia, mafuta humwagika na pengine yakaiunguza nyumba.

Hamu ya kutafuta chakula cha kuisaidia hifdhi ni ya kale. Burhanuddin az-Zarnuji, katika kitabu chake Ta'lim al-Muta'allim, alichokiandika yapata miaka mia nane iliyopita ili kuwaonyesha wanafunzi njia ya kutafuta elimu, ametaja miongoni mwa vitu vinavyoizidisha hifdhi mswaki, asali, ubani uliochanganywa na sukari, na zabibu nyekundu ishirini na moja zinazoliwa kila siku kabla mtu hajafungua kinywa. Sina nia ya kumhukumu mwalimu yule kwa mizani ambayo zama zake hazikuwa nayo. Linalonivutia zaidi ni tartibu ya maneno yake, kwani kabla ya kufika kwenye zabibu na ubani alikwisha kutanguliza juhudi, kudumu katika kudurusu, kupunguza kula, na sala ya usiku. Matangazo ya siku hizi yameigeuza tartibu ile, yakakitanguliza kidonge na kuyaacha mengine yote nyuma yake, au yasiyataje kabisa.

Mizani tuliyo nayo leo ni hii: watu wengi hugawanywa kwa kura katika mafungu mawili, fungu moja likapewa kirutubisho na la pili likapewa kidonge kinachofanana nacho kwa rangi na umbo lakini hakina kitu ndani, wala mwenye kumeza wala mwenye kupima asijue nani amepewa kipi, mpaka miaka ipite na hesabu ifanywe. Ni mizani inayokwenda polepole na yenye gharama kubwa, na aghalabu humhuzunisha aliyeweka matumaini yake juu yake. Hata hivyo sijui iliyo adilifu kuliko hiyo, na katika yote nitakayosema nitajitahidi nisitoke nje yake.

Nianze na ginko, kwa kuwa ndiyo mashuhuri kuliko yote. Mti huu wenye asili ya Uchina ni wa kale mno, jamaa zake wote wamekwisha kutoweka duniani, na baadhi ya miti ya aina hiyo iliyoungua karibu na mahali lilipoanguka bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilichipua tena. Basi si ajabu kwamba watu waliouona mti usioshindwa na umri wakatumaini kuwa maji ya majani yake yangeweza kumlinda mwanadamu na uele wa uzee. Matumaini hayo yakapimwa Marekani kwa subira inayostahili sifa. Wazee 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi waligawanywa kwa kura, nusu yao wakameza miligramu 120 za ginko mara mbili kwa siku, nusu nyingine wakameza kidonge kitupu, wakafuatiliwa kwa muda wa yapata miaka sita. Hesabu ilipochapishwa mwaka 2008 ilionekana kwamba wazee 523 walikuwa wamepatwa na maradhi ya kupotewa na akili, 277 katika fungu la ginko na 246 katika fungu la kidonge kitupu. Maana yake ginko haikumkinga mtu, na tofauti ile ndogo iliyoelemea upande wake haitoshi kusema kwamba ilidhuru. Wafaransa nao walifanya uchunguzi wao juu ya wazee zaidi ya 2,800 waliokuwa wamewashitakia matabibu wao usahaulifu, wakawafuata kwa miaka mitano, na mwaka 2012 wakatoa jawabu lile lile. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande atahadhari na ginko, kwani inahofiwa kuzidisha kutoka damu, na jambo hili nimeona mara nyingi halisemwi dukani.

Mafuta ya samaki yana hoja yenye nguvu zaidi, maana ni kweli isiyo na shaka kwamba mafuta yale yaitwayo omega-3 ni sehemu ya jengo lenyewe la ubongo, na ni kweli pia kwamba katika nchi nyingi watu walao samaki kwa wingi wameonekana kupatwa na maradhi ya usahaulifu kwa uchache. Lakini wagonjwa 402 wa Alzheimer, mojawapo ya maradhi hayo, walipopewa ama gramu mbili za mafuta hayo kila siku ama kidonge kitupu, kwa muda wa miezi 18, ugonjwa wao haukupunguza mwendo, na hayo yalichapishwa mwaka 2010. Yamkini mafuta yaliwafikia wamekwisha kuchelewa. Yamkini pia mwenye kula samaki maisha yake yote anapata mengi mengine pamoja na yale mafuta, nasi tukayachuja mafuta peke yake tukadhani tumeichuja siri yote. Kwa sisi watu wa pwani, mwenye uwezo wa kununua vibua na dagaa sokoni hana sababu ya kuagiza chupa kutoka ng'ambo.

Vitamini E ilijaribiwa juu ya watu 769 walioanza kusahau kidogo, kwa miaka mitatu, na mwaka 2005 ikadhihirika kwamba haikuwazuia kufikia Alzheimer. Baadaye, mwaka 2014, ilijaribiwa juu ya askari wastaafu 613 wa Marekani waliokwisha kuwa na ugonjwa huo, na hapo ikaonekana kwamba waliopewa vitamini hiyo kwa kipimo kikubwa walichelewa kwa kiasi cha miezi sita kupoteza uwezo wa kujihudumia, ijapokuwa kumbukumbu yao haikurejea. Hiyo ni faida, nami siidharau, maana miezi sita ya mtu kujivalisha nguo mwenyewe ni neema kwake na kwa wanaomlea. Lakini ni faida ya mgonjwa aliye chini ya macho ya tabibu. Kwa mtu mzima wa afya aimezaye kwa kujikinga tu, uko mbele yake uchunguzi wa wanaume zaidi ya 35,000 uliotoa matokeo mwaka 2011, ambapo waliomeza vitamini E peke yake walipatwa na saratani ya tezi dume kwa kiasi cha 17 kwa mia zaidi ya wenzao.

Nakuja kwenye vitamini za fungu la B, na hapa nawaomba mnipe masikio yenu sana. Mwaka 2010 wanavyuoni wa Oxford, akiwamo David Smith, walichapisha habari za wazee 168 wenye usahaulifu mwepesi, ambao ubongo wao ulipigwa picha mwanzoni na mwishoni mwa miaka miwili. Ubongo wa waliopewa kidonge kitupu ulipungua ukubwa kwa kiasi cha 1.08 kwa mia kila mwaka, na wa waliopewa asidi ya foliki pamoja na vitamini B6 na B12 ulipungua kwa 0.76. Habari hiyo ilipokelewa kwa furaha; kisha mwaka 2014 wengine wakajumlisha majaribio yaliyowahusisha watu yapata 22,000 na wasione taathira yoyote juu ya akili, na watu wakababaika wasijue wamwamini nani. Mimi naona hakuna aliyesema uongo. Katika ule uchunguzi wa Oxford, faida kubwa ilikuwa kwa wazee ambao damu yao ilikuwa na homosisteini nyingi, na homosisteini hupanda pale vitamini hizi zinapopungua mwilini. Hao ndio ubongo wao uliookolewa nusu ya upungufu ule, ilhali wale ambao homosisteini yao ilikuwa chini hawakupata kitu cha kutajwa. Ukiwachanganya waliopungukiwa na wasiopungukiwa katika hesabu moja kubwa, faida ya wachache huzama ndani ya wingi wa wasioihitaji.

Ukishaliona jambo hilo mara moja, utaliona kila mahali. Madaktari wanaume wa Marekani yapata 6,000, wenye miaka 65 na zaidi, walimeza vidonge vya vitamini mchanganyiko au vidonge vitupu kwa miaka 12, na akili zao hazikutofautiana; nao walikuwa watu wenye kula vizuri kuliko walio wengi. Wazee wengine wa huko huko walipopewa vidonge vya namna hiyo kwa miaka mitatu, na habari zao zikachapishwa mwaka 2022, faida ndogo ilionekana, zaidi kwa wale wenye maradhi ya moyo. Dondoo la kakao lililojaribiwa sambamba navyo halikuwasaidia wazee hao kwa jumla, lakini katika tawi jingine la kazi ile iligunduliwa kwamba wale waliokuwa wakila chakula duni, chenye upungufu wa vitu vilivyomo katika kakao, ndio walioona kumbukumbu yao ikiinuka kidogo.

Kuna kidonge kingine cha Marekani, Prevagen, kilichotengenezwa kwa protini iliyogunduliwa mwanzoni katika konyeza, kiumbe yule wa baharini mwenye kung'aa gizani. Uchunguzi wa watengenezaji wenyewe ulihusu watu 218, na fungu zima la waliokimeza halikuwapita wenzao. Mwaka 2017 tume ya biashara ya serikali pamoja na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York wakawashitaki kwa matangazo yasiyo na ushahidi, na mwishoni mwa 2024 mahakama ikaamuru madai yale ya kuinua kumbukumbu yakomeshwe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haimlazimishi muuzaji wa kirutubisho athibitishe manufaa yake kabla ya kukiuza. Sharti tulikumbuke hilo kila tunapoona chupa iliyotoka huko ikiwa na maandishi mazuri.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilipima ushahidi uliokuwapo na kushauri kwamba vitamini B na E, mafuta ya omega-3 na vidonge vya mchanganyiko visipendekezwe kwa ajili ya kupunguza hatari ya kupotewa na akili uzeeni. Mtu angeweza kuishia hapo na kusema virutubisho vya ubongo ni biashara tupu. Na hapo ndipo ninapotengana na wanaosema hivyo, kwa sababu virutubisho vilivyouokoa ubongo wa mwanadamu vipo, na vimeokoa akili za mamilioni, ila haviuzwi kwa jina hilo.

Chukueni madini joto. Katika bonde la Jimi, nyanda za juu za Papua New Guinea, palikuwa na watoto wengi waliozaliwa mabubu, viziwi, wenye viungo vizito na fahamu iliyodumaa daima. Kuanzia mwaka 1966 tabibu Peter Pharoah na wenzake walizipiga sindano ya mafuta yenye madini joto baadhi ya familia, wakiruka moja na kuichukua ya pili, nyingine zikapigwa sindano ya maji ya chumvi. Katika watoto 534 waliozaliwa na mama wasiopata madini hayo, 26 walikuwa na udumavu ule. Katika 498 waliozaliwa na mama walioyapata, walikuwa saba, na sita kati ya hao saba mama zao walikuwa wamekwisha kushika mimba siku ya sindano. Sijui kidonge chochote cha wazee chenye matokeo ya kukaribia hayo. Tanzania nayo, ambako nyanda za juu zilikuwa na rovu nyingi, ilianza mwaka 1986 kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, kisha ikaelekea kwenye chumvi iliyotiwa madini hayo, ambayo kila nyumba huitia chunguni pasipo kuhitaji tabibu. Wala watu wa visiwani wasidhani kwamba bahari imewatosheleza: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa upungufu wa madini joto ulikuwa bado upo Zanzibar, na Pemba hali ilikuwa mbaya kuliko Unguja, licha ya samaki.

Nimeitaja Pemba, nami siwezi kuiacha upesi, kwa sababu kisiwa hicho kimeifundisha dunia somo la pande mbili juu ya madini ya chuma. Watoto wadogo 614 wa Pemba, wenye upungufu mkubwa wa damu uliosababishwa na chakula, malaria na safura, walipewa kwa mwaka mmoja ama chuma kidogo kila siku ama dawa tupu. Na mwaka 2001 ikachapishwa kwamba waliopata chuma waliendelea vizuri zaidi katika usemi, kwa ushahidi wa wazazi wao, na wale waliokuwa na upungufu mkali zaidi wa damu waliendelea vizuri pia katika kutambaa na kutembea. Ubongo wa mtoto unahitaji chuma ili ujijenge, na hapa tuliona ukikipokea. Basi ikafuata kazi kubwa zaidi, ya watoto 24,076 wa kisiwa hicho hicho, ambao sehemu yao waligawiwa chuma na asidi ya foliki bila kwanza kuulizwa ni nani kati yao aliyepungukiwa. Na mnamo Agosti 2003 wasimamizi wakaisimamisha sehemu hiyo ya kazi, kwa kuwa watoto waliopewa chuma walikuwa wakifa au kulazwa kwa maradhi makali kwa kiasi cha 12 kwa mia zaidi kuliko wasiopewa. Malaria ilikuwa kali kisiwani siku zile. Na walipotazamwa kando baadhi ya watoto ambao damu yao ilikuwa imepimwa mwanzoni, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walionekana kunufaika. Hatari iliwaelemea wale ambao chuma chao kilikuwa kinatosha.

Naomba mlitafakari jambo hilo kwa uzito wake. Ni kitu kimoja, katika kisiwa kimoja, chenye kipimo kile kile, kikawa rehema kwa mtoto huyu na hatari kwa jirani yake, na tofauti iliyokuwapo kati yao haikuonekana kwa macho wala haikuandikwa juu ya kifuko cha dawa. Tangu hapo ndipo ushauri wa dunia ulipokaza kwamba penye malaria chuma cha watoto kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Wazazi wa Pemba waliokubali watoto wao wahesabiwe wamewakinga watoto wa nchi nyingi wasiowajua, nao wanastahili kushukuriwa kwa sauti kuliko wanavyoshukuriwa.

Kwa upande wa wazee, nitasema machache, maana yanafuata njia hiyo hiyo. Mzee anayesahau apimwe vitamini B12 kabla ya kununuliwa chochote, na zaidi ikiwa hali nyama wala samaki wala maziwa, au ametumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi, kwa kuwa dawa hiyo nzuri huweza kuishusha B12 polepole, na upungufu huo huleta usahaulifu na ganzi za miguu ambazo zikiwahiwa huweza kutibika. Aliyezama katika ulevi naye hupungukiwa na vitamini B1, na akikosa kuwahiwa huweza kupoteza kumbukumbu isirejee. Kisha apimwe shinikizo la damu, sukari, macho na masikio. Kwani jopo la wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walitaja mwaka 2024 sababu 14 ambazo zikiondolewa karibu nusu ya maradhi ya kupotewa na akili yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, na miongoni mwake ni presha, kisukari, uziwi, kutoona vizuri, upweke na kukosa elimu utotoni.

Nimeiweka mwisho asidi ya foliki, ambayo moyo wangu umeelemea kwayo kuliko nyingine zote. Mwaka 1991 yalitolewa Uingereza matokeo ya uchunguzi ulioongozwa na Nicholas Wald katika vituo 33 vya nchi saba, juu ya wanawake waliokwisha kupata mimba yenye mgongo wazi au kasoro za jamii hiyo na wakataka kuzaa tena. Kati ya mimba 593 za waliopewa asidi ya foliki, sita zilikuwa na kasoro. Kati ya 602 za wasiopewa, zilikuwa 21. Lakini mfereji ule ambao ndio mwanzo wa ubongo na uti wa mgongo hujifunga kiasi cha siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua hata kwamba wana mimba. Na vidonge vya kuongeza damu, ambavyo ndani yake imo asidi ya foliki, mama huvipata anapokwenda kliniki mwezi wa nne au wa tano, vikamfaa yeye na damu yake, lakini mlango wa ubongo wa mwanawe umekwisha kufungwa zamani, vizuri au vibaya.

Kwa sababu hiyo hapana njia isipokuwa kuitia asidi hiyo katika chakula ambacho kila mwanamke atakila kabla hajafikiria mimba, nayo Marekani ikaanza kuilazimisha katika unga mwaka 1998, Tanzania ikaweka kanuni zake mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012, kwa unga wa ngano na wa mahindi unaotengenezwa viwandani. Kanuni hizo huvishika viwanda vikubwa. Familia nyingi za vijijini huvuna mahindi yao wenyewe, wakayabeba mpaka mashine ndogo ya kusaga iliyo jirani, na dona au sembe inayotoka hapo haijatiwa kitu; hivyo binti wa mjini anunuaye unga wa pakiti hukingwa bila ya kujua, na binti wa shamba alimaye mahindi yale yale hakingwi. Vifaa vidogo vya kupimia na kutilia virutubisho katika mashine za namna hiyo vimekwisha kubuniwa, na baadhi ya wenye mashine nchini Tanzania wanavitumia. Ningeulizwa leo fedha zinazotumika kununulia vidonge vya akili zipelekwe wapi, ningeomba zianzie kwenye mashine hizo, kijiji baada ya kijiji, na mwenye mashine asitozwe yeye gharama ya kirutubisho kinachoukinga ubongo wa mtoto ambaye bado hajatungwa.